Mito miwili ya jora moja, rangi mbili: angalia mlalo

Dada, umesema fundi amekushonea mito ya makochi kwa mahameli ya kijani, yote ya jora moja, na mmoja unaonekana umepauka. Ukauliza pia kama kodrai iliyobaki, kile kitambaa cha mistari ya manyoya, itafaa sketi.

Kabla hujamdai fundi hela yako, uzungushe ule uliopauka, upande wa juu uwe chini, kisha uuweke karibu na mwenzake. Rangi zikifanana, kitambaa hakina tatizo. Kilichokosewa ni mlalo, yaani upande ambao manyoya ya kitambaa yamelalia.

Mahameli ina manyoya, na manyoya hulala upande mmoja. Pitisha kiganja: upande mmoja kinateleza, upande mwingine kinakwama kidogo. Ukitazama kitambaa manyoya yakiwa yameelekea chini, mwanga unarudi na rangi inapauka. Yakielekea juu, mwanga unazama ndani na rangi inakolea. Kodrai nayo iko hivyohivyo. Kiwandani hufumwa kwa mshindio (nyuzi za kukingama) wa ziada unaoachwa umelegea juu ya kitambaa, halafu unakatwa kwa visu na kupigwa brashi mpaka ncha zisimame mistari. Mahameli nyingi hufumwa vitambaa viwili vikitazamana, nyuzi zinazoviunganisha zikakatwa katikati.

Mimi nashona makava na nguo za kike. Nikifungua jora la namna hii, kwanza natafuta mlalo kwa kiganja, kisha nachora mshale kwa chaki upande wa nyuma. Kila kipande kinapata mshale wake, hata cha mfuko. Kwenye kochi nashusha mlalo mgongoni na kuuleta mbele kwenye kikalio, mtu akikaa asiyakwangue manyoya kinyume. Kwenye gauni napendelea uelekee juu ili rangi ikolee. Vipande haviwezi kupishanishwa kichwa na miguu kubana kitambaa, kwa hiyo kinaliwa zaidi. Fundi asiyekwambia hili kabla hujaenda dukani hajakutendea haki.

Jambo jingine: manyoya yakikutana uso kwa uso yanasukumana, kitambaa cha juu kinatembea chini ya sindano. Piga bandi kwanza, yaani ushikize vipande kwa mishono ya mkono ya muda; pini peke yake hazitoshi. Pasi ipite upande wa nyuma, uso ukiwa juu ya taulo, bila kukandamiza. Alama ya pasi kwenye mahameli ni ngumu sana kuondoka.

Kwa mito yako, ukishaizungusha zipu ya mmoja huenda ikatokea juu. Kama inakukera, mwambie fundi aihamishe tu. Hakuna haja ya kununua kitambaa kingine.

Sketi sasa. Kodrai hupimwa kwa mistari katika inchi moja. Mistari 16 na kuendelea ni laini, inafaa shati na nguo za watoto; 11 hivi ni ya suruali za kawaida, na sketi iliyonyooka inakaa vizuri. Yenye mistari 4 au 5 minene iache sebuleni, maana ukiiwekea marinda itajaa kiunoni. Na kwa joto la Dar, usiitie bitana nzito.

Weka rula, hesabu mistari, kisha niandikie hapa pamoja na upana na urefu wa kipande, kiuno, nyonga na urefu wa sketi unaoutaka. Nitakwambia kama kinatosha.