B ya Dota si B ya Counter-Strike

Wadogo zangu mnaoanza gemu za mtandaoni, nianze na aibu yangu. Nilikuwa nimecheza Dota 2, gemu ya timu mbili zinazovamiana ngome, kama miaka miwili, nikajiona mwenyeji kila mahali. Jioni moja jamaa wakaniita Counter-Strike, gemu ya kufyatuliana risasi. Raundi ya tatu, mwenzetu akaandika kwenye chati: "b b b b". Kwenye Dota hiyo maana yake rudi nyuma, kimbia kabla hujafa. Nikageuka, nikatimua mbio mpaka tulikoanzia. Kumbe huku B ni jina la eneo, mojawapo ya sehemu mbili ambako bomu hutegwa. Wenzangu wanne wanachakazwa huko B, mimi nimesimama peke yangu nalinda ukuta. Mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Kaka, unafanya nini huko?"

Kufupisha maneno hakuna wa kutufundisha. Tuliokua enzi za meseji za herufi 160 tulishaandika "cjui" na "2po" kabla hatujaijua gemu yoyote. Ugumu ni kwamba kila gemu ina lahaja yake, na neno ulilolizoea kwenu kwa jirani lina maana nyingine. Ukiingia League of Legends, ndugu yake Dota, ukaona "mid mia", usitafute hela. Mia hiyo ni "missing in action": unaambiwa adui wa njia ya katikati hajulikani alipo, basi kila mtu achunge kichwa chake. Kwenye seva za Ulaya wengi huandika "ss" kwa maana hiyohiyo, na adui akionekana tena wanaandika "re". Mimi mechi mbili za kwanza nikiona "ss" nasoma "sasa".

Sasa "gg", ambayo kila mtu anadhani anaijua. Ni "good game", kusema mchezo ulikuwa mzuri. Lakini kwa watu wa StarCraft, gemu iliyotoka 1998, anayeitamka kwanza ni aliyeshindwa: anaandika gg, anatoka, na hapo amekubali yaishe. Mshindi akimtangulia ni kama kumwambia mwenzake, "Unangoja nini, si uondoke?" Hata Dota, mtu akiandika gg dakika ya kumi hasifu kitu, amekata tamaa. Kwenye gemu za kufyatuliana risasi huandikwa mwishoni na pande zote, wala hakuna anayehesabu nani katangulia. Ila gg yako usiifuatishe na "ez", yaani "easy", tumewapiga kirahisi. Kwenye Overwatch, nayo gemu ya risasi, watu waliikithirisha mno "gg ez" mpaka mwaka 2016 watengenezaji wakaitegea: ukiiandika, chati inaibadilisha kuwa maneno ya kujidhalilisha mwenyewe, kwa mfano kwamba muda wako wa kulala umepita na unaomba mama asiambiwe. Nilicheka siku nzima.

Chesi ya Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, ina ustaarabu wake. Mwanzoni unapewa vitufe vya salamu, mwishoni vya kushukuru na kuaga, na katikati watu hunyamaza. Anayekuandikia ukiwa unafikiria hatua anakuvuruga, hata kama anakusifia.

Counter-Strike nako kuna sheria moja ambayo hutaiona imeandikwa popote: ukishakufa, funga mdomo. Mwenzako amebaki mmoja dhidi ya watatu, anasikiliza nyayo za adui masikioni, halafu wewe maiti unampigia kelele za "nyuma! nyuma!" Mwambie tu asichokijua, kwa mfano adui mmoja yuko mlangoni na amebakiza damu kidogo, kisha kaa kimya. Akifa, andika "nt", yaani "nice try", umejitahidi. Katika vifupisho vyote hicho ndicho nikipendacho zaidi, na ndicho wageni wanachosahau.

Halafu kuna lugha za watu. Sisi wa Afrika Mashariki mara nyingi tunaishia seva za Ulaya, za Ghuba au za Afrika Kusini, kwa hiyo utakutana na kila kabila la dunia. Mbrazili akiandika "kkkk" anacheka. Mthai akiandika "555" naye anacheka, maana tano kwao hutamkwa "ha". Mrusi huweka mabano matupu ")))" na hilo ni tabasamu. Mwarabu ataandika 3 mahali pa herufi ain na 7 mahali pa ha. Siku Mchina aliponiandikia "666" baada ya kuua wawili, mimi mtoto wa shule ya Jumapili nilikumbuka namba ya mnyama wa Ufunuo na nikataka kutoka. Kumbe ananipongeza: kwao ni sawa na kusema umeupiga mwingi.

Wapo watakaokutukana kwa lugha usiyoijua. Mzime sauti, endelea.

Na ukikutana na Mturuki, mara nyingi ataingia na herufi mbili tu: "sa". Nilidhani anauliza saa. Rafiki yangu wa Mombasa ndiye aliyenishtua: hiyo ni salamu aleikum, jibu lake ni "as". Usiku ule nikajibu hivyo. Raundi iliyofuata sikuwa na hela ya bunduki, nimeshika bastola tu. Yule Mturuki akaja mbele yangu, akanidondoshea bunduki ya AK bila kuombwa, akaenda zake. Hatukuandikiana neno jingine mpaka mechi ikaisha.