Nguzo za Parthenon ya Nashville zinalala kwenye picha, nifanyeje?

SWALI: Kaka fundi wa picha, habari za kazi. Mimi kwetu Kigoma ila sasa naishi Nashville huku Tennessee mwaka wa tatu. Hapa kuna bustani ya jiji inaitwa Centennial Park na ndani yake wamejenga hekalu la Kigiriki, Parthenon, ukubwa uleule wa lile la Athens. Mdogo wangu anaolewa mwezi wa kumi na anataka picha pale akiwa na kitenge chake, mama nyumbani ndo anazisubiri. Nimeenda kujaribu mara tatu na simu, kila nikipiga nguzo zinalala kwa ndani kama jengo linaanguka kinyumenyume, nikiinyoosha na apu jengo linakuwa kama boksi, na rangi inatoka kijivu wakati kwa macho naiona kama mchanga. Saa sita mchana ndo usiseme, macho yote yanakuwa mashimo meusi. Nisaidie kaka.

JIBU: Dada yangu nzuri, na hongera kwa mdogo wako. Umeuliza kuhusu jengo ambalo mi nalipenda kweli, nilipita hapo mwezi wa kumi na moja mwaka mmoja nikiwa kwa binamu yangu na nikarudi siku nne mfululizo, kwahiyo nitajibu kwa urefu.

Kwanza kabisa, sehemu ya kile unachokiona ni kweli. Nguzo za Parthenon zimeinama kwa ndani, kidogo sana lakini zimeinama, wanaopima wanasema ukizirefusha kwenda juu zitakutana huko angani kama kilomita 2 na nusu. Wagiriki walifanya makusudi, na waliojenga ya Nashville wakafuata vilevile. Alafu kila nguzo imetuna kidogo inavyopanda kabla haijapungua juu, zile za kwenye kona ni nene kuliko wenzake, na hata sakafu haijalala sawa, imepanda katikati, kule Athens upande mrefu unapanda kama sentimita 11 hivi. Yaani mistari mirefu ambayo wewe unaona imenyooka pale karibu yote ina mpindo. Sasa apu yako haijui hayo, ikiona mstari umepinda inadhani ni kosa lako inaunyoosha, ndo maana unapata boksi. Mi mwenyewe siku ya kwanza nilinyoosha picha zote usiku, asubuhi nikaziangalia nikaona zimekufa, ikabidi nirudi kupiga upya.

Ila kule kulala sana kama jengo linaanguka, hiyo inatoka kwenye simu. Unasimama karibu, unaiinua simu juu ili upate paa, basi mistari yote inakimbiliana juu. Dawa ni kurudi nyuma. Uso mfupi wa jengo, ule wenye nguzo 8, una upana wa mita 31 hivi, kwahiyo rudi mita 50 mpaka 60, kama hatua 80, weka zumu ya 2x alafu shika simu wima kabisa usiilaze hata kidogo. Utaona nyasi nyingi chini, hiyo si shida utazikata baadaye. Usitumie ile lenzi pana ya 0.5, ile kwa jengo hili ni uharibifu. Ukiwa na kamera ya kawaida yenye lenzi ya 18-55 weka kwenye 35 na umbali huohuo. Kama bado zinalala kidogo nyoosha kwenye apu mpaka nusu tu kisha acha, usifike mwisho.

Upande mrefu, wenye nguzo 17, ni kama mita 70, huo utakuhitaji urudi mbali zaidi ya mita 100 na mara nyingi miti inaingia, kwahiyo mi nisingehangaika kuupata wote. Piga kwa pembeni ukiwa kwenye kona, nguzo zifuatane zikienda mbali.

Sasa jua, na hapa wengi tuliotoka nyumbani tunakosea. Kigoma jua la saa sita linakaa utosini, huku Nashville halifiki utosini mwaka mzima, linapita upande wa kusini, na Desemba hata saa sita linakuwa chini kabisa kama jua letu la saa mbili asubuhi. Jengo limekaa mashariki na magharibi kama la Athens. Maana yake uso wa mashariki ni wa asubuhi, uso wa magharibi ni wa jioni, na ubavu wa kusini una jua karibu siku nzima. Ubavu wa kaskazini mwezi wa kumi hauna jua kabisa, ila kivuli chake ni laini, kwa nyuso za watu ni kizuri sana, tena mchana huohuo uliokutesa. Kitu kinachonifurahisha zaidi ni kwamba Nashville iko digrii 36 kaskazini na Athens ni 38, karibu sawa, kwahiyo jua linaligonga jengo kwa pembe karibu ileile waliyoiwazia wajenzi wa kwanza miaka 2,400 iliyopita. London huipati hiyo, Dar pia huipati.

Kwa harusi yenu, mwezi wa kumi katikati jua linazama kama saa kumi na mbili na robo jioni. Fikeni saa kumi. Saa kumi na moja nendeni ubavu wa kusini, hapo jua linakuja kwa ubavu linapangusa nguzo, na kila nguzo ina mifereji 20 kutoka chini mpaka juu, basi kila mfereji unapata mstari wa mwanga na mstari wa kivuli. Msimamishe bibi harusi ndani ya ubaraza unaozunguka jengo, uso autoe kuelekea kwenye mwanga, asiliangalie jua moja kwa moja maana atakunja macho. Nguzo moja kwa chini ina unene kama mita 1.9, akisimama kando yake ataonekana mdogo, usiogope, huo ndo uzuri wenyewe, kitenge chenye rangi kali mbele ya nguzo nene ya rangi moja. Usimzungushie nguzo zote 46, mbili zinatosha.

Kuhusu rangi macho yako yako sahihi. Lile jengo si la marumaru kama la Athens, ni la zege lililochanganywa na kokoto za kahawia, ndo maana linaonekana kama mchanga. Simu ikiwa kwenye oto inajaribu kuifuta ile njano. Ingia setingi ya Pro, mizani ya rangi (WB) weka alama ya jua, au 5500, usiiguse tena. Jua likishazama msikimbilie gari, subirini dakika 20, taa za jengo zinawaka na mbingu inakuwa ya bluu ya kina, egemeza simu kwenye kitu isitikisike.

Na kama mpiga picha mtakuwa mmemlipa, ulizeni mapema ofisi ya bustani kuhusu kibali.

SWALI: Mimi niko Tanga. Kwani kupiga picha kopi ya jengo la watu kuna maana gani, si bora mtu asubiri aende Ugiriki kwenyewe?

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, swali lako nimelifikiria. Ile ya Athens ilijengwa kati ya 447 na 432 kabla ya Kristo, na mwaka 1687 Waveneti, watu wa Venice ya Italia, walipoizingira ngome ya Athens lilipo hekalu, baruti iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya hekalu ikalipuka, paa na nguzo nyingi za katikati zikaenda. Baadaye sanamu nyingi zikachukuliwa kupelekwa London na ziko huko mpaka leo. Kwahiyo leo hii ukienda Athens huwezi kusimama ndani ya Parthenon yenye paa. Nashville unaweza. Waliijenga kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897 ya miaka 100 ya Tennessee, kwa plasta, mbao na matofali, ikategemewa ibomolewe, wakazi wakagoma kuiachia, ikaanza kuharibika ndo wakaijenga upya kwa zege kuanzia 1920 mpaka ikafunguliwa 1931. Watu waliopenda jengo kiasi hicho mi siwezi kusema kitu chao hakina maana. Athens nenda pia, Mungu akikujalia, utapiga picha ya magofu. Ni picha mbili tofauti.

SWALI: Nilisikia ndani ya hiyo ya Nashville kuna sanamu ya dhahabu. Inapigika na simu?

JIBU: Inapigika. Ni Athena, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, urefu mita 12.8, ilizinduliwa 1990 na dhahabu ikapakwa 2002. Zima fleshi, haitafika popote huko juu, gusa uso wa sanamu kwenye skrini alafu punguza mwanga kidogo maana dhahabu inaungua haraka kwenye simu, yaani inatoka nyeupe tupu. Hakikisha kuna mtu amesimama chini kwenye fremu. Lile sanamu dogo alilolishika mkono wa kulia, Nike, mungu wa ushindi, lina karibu mita 1.9, refu kuliko wewe, na bila mtu wa kulinganisha hakuna atakayejua. Kama nguvu zipo piga goti, ila ngao na nyoka aliye ndani yake usivikate.