Chakula cha Mtoto wa Mbwa Mdogo: Geuza Mfuko Usome Nyuma

Mtoto wa Maltese, mbwa wa aina ndogo, mwenye kilo moja na umri wa miezi miwili na nusu anahitaji takriban kilokalori 210 kwa siku. Mbwa mlinzi mzima wa kilo 30, yule wa kulala getini, anahitaji kama 1,400. Gawa kwa uzito uone: mlinzi anapata kilokalori zisizofika 50 kwa kila kilo ya mwili wake, mtoto anahitaji 210 kwa kilo yake moja. Haja yake ni zaidi ya mara nne, na tumbo lake linajaa kwa vijiko vichache tu.

Nimefuga mbwa wa aina ndogo hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na kila rafiki anayeleta Chihuahua, Pomeranian au Yorkshire nyumbani kwake huniuliza swali lile lile: ninunue chapa gani? Mimi huanza na hizo hesabu kabla ya kutaja chapa yoyote. Mbwa mdogo anataka chakula kidogo chenye nguvu nyingi, na akipate mara nyingi kwa siku. Ukilishika hilo, hata muuzaji dukani hatakusumbua.

Ndiyo maana ugali na maziwa, chakula ambacho wengi wetu tumekulia tukiona mbwa wakipewa, hakimfai kabisa. Ugali uliopikwa zaidi ya nusu yake ni maji. Mtoto anashiba, tumbo linatuna, ukimwangalia unasema amekula vizuri, kumbe protini aliyopata ni kidogo mno na kalsiamu karibu hakuna. Maziwa ya ng'ombe nayo huwaharisha wengi wao, kwa sababu sukari ya maziwa huwashinda wakishaacha kunyonya. Mbwa mkubwa wa uani hujazia kwa panya, mifupa na makombo ya jirani. Huyu wa sebuleni hana pa kujazia. Anakula ulichompa wewe, basi.

Niongee kwanza kuhusu kushuka kwa sukari, maana hili ndilo linalowaua watoto hawa mapema, na wenye mbwa wengi hawajawahi kulisikia. Mwili mdogo hauna akiba. Ini lao halijakomaa, misuli ni haba, mafuta ni haba. Saa chache bila chakula, hasa usiku wa baridi au baada ya kucheza sana, sukari kwenye damu inaporomoka. Mdogo wangu alinunua Chihuahua ambaye muuzaji alimwagiza amlishe jioni tu, eti asizoee kudeka. Asubuhi moja akanipigia simu analia: "Dada, huyu mtoto amelewa." Alikuwa hajalewa. Macho yalikuwa wazi lakini hayamfuati mtu, miguu ya nyuma inakwenda kando, ufizi umepauka, masikio ya baridi. Nikamwambia achovye kidole kwenye asali ampake kwenye ufizi na ndani ya shavu, kidogo kidogo, asimmiminie kooni maana atapaliwa, amfunge kwenye khanga, kisha atoke mbio kwa daktari wa mifugo. Njiani mtoto akainua kichwa. Daktari alipompima bado sukari ilikuwa chini, akamwekea dripu ya glukosi. Huyo mbwa sasa ni mzima na ana kelele kuliko nyumba nzima.

Kwa hiyo ratiba inakuja kabla ya chapa. Hadi miezi mitatu au minne, milo minne kwa siku, na wa mwisho uwe karibu na muda wako wa kulala. Hadi miezi sita, mitatu. Baada ya hapo miwili, na wale wadogo kabisa wa kilo mbili mimi huwaachia mitatu. Kama unatoka asubuhi kwenda kazini na kurudi magharibi, na nyumbani hakuna mtu, tafadhali mpange mtu kwanza ndipo ulete mbwa. Mtoto wa miezi miwili akikataa milo miwili mfululizo, usisubiri kesho. Mpeleke kwa daktari.

Sasa tuje dukani. Mbele ya mfuko kuna picha ya mbwa anayecheka, kipande cha nyama nyekundu na karoti. Hiyo ni picha. Geuza. Nyuma, kwa maandishi madogo, tafuta sentensi inayosema chakula hiki ni kamili kwa ukuaji, au kwa hatua zote za maisha. Mifuko mingi hufuata viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo cha Marekani, au FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa kufugwa nyumbani la Ulaya, na sentensi hiyo ina uzito kuliko sifa zote za mbele. Ikisema ni chakula cha nyongeza au kitafunwa cha kupozea tu, kirudishe kwenye rafu. Hata kama ni ghali. Niliwahi kumuuliza kijana mmoja dukani, "Kaka, hiki ni cha watoto?" Akanijibu, "Dada, hicho mbwa wote wanakula." Tukageuza mfuko pamoja: ulikuwa wa mbwa wazima. Akanishukuru, maana alikuwa akimuuzia kila mteja kwa moyo safi.

AAFCO wanataka chakula cha ukuaji kiwe na protini isiyopungua asilimia 22.5 na mafuta yasiyopungua asilimia 8.5, vikipimwa bila maji. Kwa mbwa mzima ni 18 na 5.5. Kwa watoto wa aina ndogo mimi hupenda protini ya 28 hivi kwenda juu na mafuta yasiyopungua 15, kwa sababu mafuta ndiyo yanayobeba nguvu nyingi katika punje chache za chakula kikavu. Mifuko ya Afrika Kusini huandika kwa gramu kwenye kilo, kwa hiyo ukiona protini 290 g/kg, hiyo ni asilimia 29. Mifuko hiyo ina pia namba ya usajili inayoanza na herufi V, chini ya sheria yao Na. 36 ya 1947. Mfuko usio na namba, usio na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi, achana nao.

Chakula cha kopo kinawachanganya watu. Kopo linasema protini asilimia 8, mfuko wa punje unasema 28, mtu anadhani kopo ni maji matupu. Ondoa maji kwanza. Kopo lenye maji asilimia 78 lina kitu kikavu asilimia 22 tu, na 8 kati ya 22 ni zaidi ya asilimia 36. Kwa hiyo kopo zuri si dhaifu, ila linajaza tumbo kwa maji na linakula pesa. Mimi huchanganya kijiko kimoja cha kopo kwenye punje zilizolowekwa kwa maji ya uvuguvugu, hasa kwa mtoto aliyetoka tu kwa mama yake. Ukiloweka, usiache bakuli sakafuni. Kwa joto la Dar chakula kilicholowa kinachacha upesi. Nusu saa ikipita, mwaga.

Kuna mifuko inayojisifu kuwa haina nafaka. Bei iko juu na wengi wanaamini ndiyo bora. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuchunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka huku wakila vyakula vya namna hiyo, vingi vikiwa vimejazwa njegere na dengu. Mchele na mahindi safi havimdhuru mbwa wa kawaida. Sioni sababu ya kumlipia mtoto mwenye afya pesa zaidi kwa kuondolewa nafaka.

Punje zenyewe zitazame. Kinywa cha Yorkshire hakiwezi punje ya Boerboel, yule mbwa mlinzi mkubwa wa Afrika Kusini. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, membamba na makali, yanayoanza kung'oka karibu na miezi minne na kuwapisha 42 ya ukubwani. Wakati huo ufizi unauma, na anayeacha kula ghafla huenda si mdeko, ni meno. Lowesha punje. Na mwambie daktari amwangalie, kwa sababu mbwa wadogo mara nyingi jino la utoto hugoma kutoka na kubanana na la pili, mabaki ya chakula yanakaa pale katikati na ufizi unaoza mapema.

Jambo linaloniumiza zaidi ni chakula cha kupima. Duka linafungua gunia la kilo 20, linaacha mdomo wazi, mteja anapimiwa nusu kilo kwenye mfuko wa nailoni. Nafuu iliyopo naielewa, maisha ni magumu. Lakini mafuta yaliyo kwenye punje yakikutana na hewa na joto huchacha, unyevu wa pwani unaleta ukungu, na wewe hujui gunia lilifunguliwa lini wala limeisha muda lini. Na hesabu yenyewe inakuruhusu kununua mfuko mdogo uliofungwa: punje nyingi za watoto zina kama kilokalori 380 kwa gramu 100, kwa hiyo yule wa kilo moja anakula gramu 55 tu kwa siku. Mfuko wa kilo mbili unamfikisha zaidi ya mwezi. Kinyume chake, ukishawishika na mfuko wa kilo 15 kwa sababu kilo inatoka rahisi, kwa kiasi hicho ungekaa naye karibu miezi tisa, na kuanzia mwezi wa pili unamlisha mafuta yaliyooza. Ukishafungua, acha chakula ndani ya mfuko wake, ukunje mdomo, uweke kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na jiko.

Wanaopenda kupika wenyewe nawaheshimu, ila wasikilize hili. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mtoto anayekua akilishwa nyama peke yake, mwili unachota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe, mifupa inalegea, miguu inapinda, na mwenyewe anashangaa maana anampa steki kila siku. Maini nayo yakizidi yanamjaza vitamini A kupita kiasi. Ukitaka kumpikia moja kwa moja, daktari akupangie mchanganyiko wenye madini yake. Kama ni kuongeza ladha tu, dagaa wanafaa: wanaliwa na mifupa yao, protini tele. Waoshe mara kadhaa watoke mchanga na chumvi, wachemshe, saga kidogo juu ya punje. Unga wa mahindi uwe ule ambao wewe mwenyewe ungekula. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa haliihimili. Usikubali kuambiwa "haya ni ya mbwa tu."

Mabaki ya mezani ni hatari kwa sababu ya namna tunavyopika. Kwetu karibu kila sufuria inaanza na kitunguu. Mchuzi, pilau, rosti, vyote. Kitunguu, kiwe kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kwa mbwa wa kilo moja gramu 15 hadi 30 zinaweza kutosha kumdhuru. Hicho ni kipande tu cha kitunguu kimoja. Kitunguu saumu ni ndugu yake. Chokoleti, zabibu, na jojo zisizo na sukari zenye zailitoli, kile kitia utamu badala ya sukari, ziwekwe juu kabisa ya kabati. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Na chapati, ambayo wageni hupenda kumkatia "kidogo tu": chapati moja ya mafuta inaweza kumaliza kalori zake za siku nzima, kisha anakataa chakula chake chenye madini anayohitaji. Vya kumpoza visizidi sehemu ya kumi ya kalori zake.

Nunua mizani ya jikoni. Kikombe hudanganya, na kwa mwili wa kilo moja gramu kumi za ziada kila siku ni nyingi. Mpime mtoto kila wiki kwenye mizani hiyo hiyo, ndani ya bakuli, uandike. Papasa mbavu: uzihisi kwa urahisi bila kuziona zimechomoza, na ukimtazama kutoka juu kiuno kionekane. Kama anakula vizuri na uzito haupandi, usikimbilie kubadili chapa. Uliza kwanza habari ya minyoo, kwa sababu watoto wengi wanauzwa bila kupewa dawa hata mara moja, na hapo unalisha minyoo. Kinyesi chenye damu pamoja na kutapika si suala la chakula tena, nenda kwa daktari saa hiyo hiyo.

Siku ya kumchukua, mwombe mfugaji akupe kidogo cha kile alichokuwa akila, hata kama hukipendi. Changanya robo ya kipya na robo tatu za cha zamani, uongeze polepole kwa siku saba hadi kumi. Tumbo lake limeshapata msukosuko wa kuachana na mama, usiliongezee mwingine.

Mbwa hawa hukua haraka kuliko wakubwa. Wengi wanafika umbo lao la utu uzima kati ya miezi minane na kumi na miwili, na hapo ndipo mimi huhamia chakula cha mbwa wazima wa aina ndogo, kwa kuchanganya vile vile taratibu. Ukimfunga kizazi, mahitaji yake ya kalori yanashuka ilhali hamu ya kula inapanda, kwa hiyo rudi kwenye mizani wiki hiyo hiyo, upunguze gramu kwa ushauri wa daktari, na uendelee kumpima. Kwa mbwa wa kilo tatu, nusu kilo ya ziada inayaelemea magoti, na magoti ya aina hizi ni dhaifu tangu kuzaliwa.