Chipu ya Huawei na vikwazo vya Marekani: China imejitegemea kweli?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni fundi simu Kariakoo. Hapa kwenye banda kuna ubishi usioisha. Wapo wanaosema tangu Huawei watoe Mate 60 Pro yenye chipu ya nanomita 7 iliyotengenezwa China, vikwazo vya Marekani vimegonga mwamba na China haimhitaji mtu tena. Wengine wanasema ni maneno matupu. Na kama wana utaalamu huo, kwa nini wasiifungue ile mashine ya Waholanzi ya kuchapia chipu na kuinakili?

JIBU: Njema, fundi. Tuanze na wanaosema ni maneno matupu: hao wamekosea. Tangu Septemba 2020 Huawei walikuwa wamekatiwa chipu zao kutoka TSMC, kampuni ya Taiwan inayotengeneza chipu. Simu hiyo ilipotoka Agosti 2023, TechInsights, kampuni ya Kanada inayochunguza vifaa vya elektroniki, waliifungua, wakaichunguza chipu yake, Kirin 9000S, na kuonyesha kwamba imetengenezwa na SMIC, kampuni ya kutengeneza chipu ya Shanghai. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa.

Lakini namba 7 isiwababaishe wateja wako: ni jina la kiwango cha utengenezaji tu, si kipimo halisi cha mistari (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). TSMC wenyewe walianza kutengeneza chipu za kiwango hicho mwaka 2018, wakitumia mashine za aina ileile waliyotumia SMIC. Swali la maana ni chipu ngapi nzima zinatoka kiwandani, kwa gharama gani, na kwa mashine za nani.

Saketi za chipu huchapwa kwa mwanga juu ya sahani ya silikoni. Mashine za SMIC hutumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, unaopita kwenye lenzi na kisha utando mwembamba wa maji. Kwa pigo moja, mashine hiyo haiwezi kuchora mistari iliyosogeleana zaidi ya nanomita 80 hivi, kati kwa kati. Ukitaka mistari ya karibu zaidi, tabaka lilelile unalirudia hatua kwa hatua hadi mistari mipya ikae katikati ya ile ya kwanza. Ni kama kuchapa kanga ya rangi nyingi: rangi ya pili ikihama kidogo, ua limeharibika. Tofauti ni kwamba hapa kuhama kwa nanomita chache tu kunatosha kuua chipu. Hatua zikiongezeka, muda unaongezeka, na chipu za kutupa nazo zinaongezeka.

Mashine ya Waholanzi, ile ya ASML inayoitwa EUV, hutumia mwanga wa nanomita 13.5. Mwanga huo hunyonywa na hewa na hata na kioo cha lenzi, kwa hiyo kila kitu kinafanyika ndani ya ombwe (nafasi isiyo na hewa), na mwanga unaongozwa kwa vioo vya kuakisi kutoka Zeiss ya Ujerumani. Kuupata mwanga wenyewe, matone ya bati iliyoyeyuka hurushwa 50,000 kwa sekunde, na kila tone hupigwa leza mara mbili: pigo la kwanza kulibapa, la pili kuligeuza kuwa plazma, yaani gesi ya moto mkali inayotoa mwanga huo. Leza ni ya Trumpf ya Ujerumani. Chanzo cha mwanga kinatoka Cymer ya San Diego, Marekani, na hapo ndipo Washington inapopata sauti. Uholanzi haijaruhusu mashine hii iuzwe China. Hata ungeifungua, ungekuta vioo tu. Ujuzi wa kuving'arisha umo mikononi mwa watu waliofanya kazi hiyo zaidi ya miaka 20.

Kwa hiyo Kirin 9000S imetengenezwa China, ila mashine muhimu za kuichapa ni za Uholanzi, na prosesa yake inatumia seti ya maagizo (lugha ya msingi ya prosesa) iliyobuniwa na kampuni ya Arm ya Uingereza. Huko si kujitegemea bado.

Hata hivyo, msiamini kwamba vikwazo vinaizuia China isonge. Mwaka 2015 Marekani iliwakatalia Intel kuuza prosesa za kuboreshea kompyuta kuu ya Tianhe-2. Juni 2016 China ikatoa Sunway TaihuLight, huko Wuxi, yenye prosesa za China yenyewe, ikashika nafasi ya kwanza duniani. Tofauti ni kwamba kompyuta ile ililipiwa na serikali. Simu lazima ishindane dukani.

Kwangu mimi jambo zito zaidi ni hili. Zamani viwanda vya China vilipendelea mashine za nje kwa sababu ni bora, na watengenezaji wa mashine wa ndani wakakosa mteja wa kujifunzia kwake. Vikwazo vimewapa mteja huyo. Juu yake, mwaka 2024 serikali ilianzisha awamu ya tatu ya mfuko wake wa chipu, yuani bilioni 344.

Angalia hata mezani kwako: Tecno Spark Go 2024 ni ya kampuni ya Shenzhen, chipu yake ya Unisoc T606 imesanifiwa Shanghai, lakini imetengenezwa na TSMC.

Wateja wakibishana tena, waambie wafuatilie SMEE, kampuni ya Shanghai inayojulikana kwa mashine za kuchapa za kiwango cha nanomita 90. Siku kiwanda kikubwa kitakapozalisha chipu za nanomita 28 kwa mashine ya SMEE na kuziuza kwa faida, hiyo itakuwa habari kubwa kuliko Mate 60 Pro.