Nilimwambia Kile ni Kima cha Dar es Salaam

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kama kupandisha kima cha chini cha mshahara kunamsaidia mfanyakazi wa kipato kidogo au kunamfukuzisha kazi. Naandika kwa sababu limeulizwa kana kwamba mwajiri ni mtu wa mbali: mwenye kiwanda, mwenye hoteli ya watalii au mwenye kampuni ya ulinzi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, na ni mwajiri. Walimu, wauguzi, makarani wa halmashauri na akina mama wenye vibanda pale Mbuyuni, wengi wetu tuna binti jikoni anayetuwezesha kutoka nyumbani asubuhi, na kima chake cha chini hakilipwi na mtu mwingine ila sisi. Kwa hiyo nitajibu kwa upande huo, yaani kama sisi tunaopokea mshahara tuko tayari na sisi kuulipa.

Kila Mei Mosi walimu tunakaa karibu na redio. Mwaka 2022 kima cha chini serikalini kilipanda kwa asilimia 23.3, na sisi tuliokuwa juu ya kima hicho tulinung'unika mwezi Julai tulipoona ongezeko letu lilivyokuwa dogo. Mwaka 2025, pale Singida, Rais alitangaza kwamba kima hicho kitatoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na nilishangilia kwa sauti nikiwa sebuleni, huku anayenipikia akisikia kila neno kupitia mlango wa jikoni.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisema katika ofisi ya walimu kwamba hakuna haja ya kupandisha kiwango ambacho hakilipwi. Amri ya Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri, na 120,000 kwa yule asiyeishi hapo. Mtaani kwetu Pasua naweza kuhesabu kwa vidole nyumba zinazofikisha hiyo 60,000. Januari 2026 kima cha sekta binafsi kilipanda tena, kwa wastani kutoka 275,060 hadi 358,322, na wastani huo sijauona katika jiko lolote ninaloingia. Nilikusudia kuandika hivyo tu: kwanza kilipwe kilichopo, ndipo kipandishwe. Lakini nilipoanza kuandika nilimkumbuka binti mmoja, na ni lazima nieleze habari zake.

Alikuja kwetu mwaka 2012 kutoka milima ya Upare, akiwa na umri wa miaka 19, akiletwa na mama mmoja wa kanisani. Tulikubaliana shilingi 25,000 kwa mdomo, tukiwa tumesimama uani. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha jiko la mkaa na kuchemsha maji ya watoto, na alilala baada ya kuosha vyombo vya usiku, mara nyingi saa nne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki. Kwangu alikuwa akizimaliza kabla ya Jumatano kwisha. Nililijua hilo vizuri, kwa sababu chama chetu cha walimu kilikuwa kimetufundisha kudai haki zetu kwa kutumia vifungu.

Alikuwa na daftari la hesabu la mistari ya miraba, ambalo binti yangu alikuwa ameliacha nusu, na ndani yake aliandika mshahara wake kwa penseli. Nililikuta siku moja juu ya kabati la vyombo. Ukurasa wa mwezi Machi ulisomeka hivi: 25,000, toa chupa ya chai 7,000, baki 18,000, mama 15,000, mimi 3,000. Chupa ile ya chai iliangushwa na mwanangu wa mwisho, nami nilimkata yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa zamu ya kumtazama mtoto. Katika kitabu kile hapakuwa na neno la kulalamika. Ilikuwa hesabu tu, iliyopigwa mstari kwa rula.

Mwezi Julai 2013 amri mpya ya mshahara ilianza kutumika, na redio ilisoma viwango vya kila sekta. Kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri kilikuwa shilingi 40,000. Jioni ile kulikuwa na baridi, tulikuwa sote jikoni, mimi nikisahihisha madaftari kwenye kigoda na yeye akisonga ugali. Aliuliza bila kugeuka:

“Mwalimu, redioni wamesema elfu arobaini. Ni ya kwetu na sisi?”

Nikamjibu, “Hiyo ni ya Dar es Salaam, dada.”

Akasema, “Sawa, mwalimu,” akaendelea kugeuza ugali.

Amri ile ilikuwa ya Tanzania Bara yote, na nilijua. Ningeweza kumwambia kwamba sina uwezo, jambo ambalo lilikuwa na ukweli ndani yake, maana nilikuwa nalipa mkopo wa bati. Nilichagua kumdanganya kwa sababu uongo ule haukuhitaji majadiliano. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa akisema jibu ndilo hili, haulizwi mara ya pili na msichana aliyeishia darasa la saba.

Januari iliyofuata aliaga akaenda kufanya kazi katika shamba la maua upande wa Usa River. Mwaka 2015 alikuja kutusalimia, akiwa na kilo mbili za sukari na maandazi ya watoto, akatoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniwekea mezani. Ilikuwa hati ya mshahara. Juu kulikuwa na majina yake matatu kwa herufi kubwa, kisha shilingi 100,000, kiwango cha kilimo cha wakati ule, na chini yake makato ya NSSF. Alikuwa ameishi nyumbani kwangu mwaka mmoja na nusu, amewaogesha wanangu, amewauguza malaria, na jina lake la tatu nililisoma kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya shamba la maua.

Nilimwuliza kama maisha yamekuwa mazuri zaidi. Alinijibu kwa uangalifu, kama kawaida yake: akitoa kodi ya chumba, chakula na nauli, kinachobaki hakizidi sana alichokuwa akipata kwangu. “Ila jioni ni yangu, mwalimu,” akasema.

Jibu hilo limenikaa miaka yote hii, na linanizuia kuandika kwamba shilingi peke yake ndiyo haki. Katika amri ya 2022, tofauti kati ya 60,000 na 120,000 inatokana na kitanda na chakula, na hilo naliona ni jambo la kweli, kwani chakula ni gharama. Lakini anayelala kwako hulala karibu na kazi, na usiku mtoto akilia ndiye anayeitwa. Saa hizo sijasikia mtaani kwetu mtu yeyote akizilipa.

Nikiisoma upya aya yangu ya tatu, naona hoja yangu ina kasoro. Kusema kima kisipandishwe mpaka kilichopo kilipwe ni kumpa asiyelipa uwezo wa kukizuia: kadiri tunavyokaidi, ndivyo kinavyosubiri. Tena nimetambua kwamba binti yule hakuwa na chama, hakuwa na mkataba na hakumjua afisa kazi hata mmoja. Alikuwa na namba moja aliyoisikia redioni, na namba hiyo ndiyo iliyompa ujasiri wa kuniuliza. Nilimnyima fedha, lakini kuanzia jioni ile alijua thamani ya kazi yake mbele ya serikali, na naamini hilo lilikuwa na sehemu katika kuondoka kwake.

Basi nasema kipandishwe, ingawa kwa masharti ninayoyasema kwa moyo mzito. Kisikae tena bila kuguswa kama ile elfu arobaini, iliyodumu kuanzia Julai 2013 mpaka Desemba 2022 huku unga, mkaa na sabuni vikipanda. Ongezeko dogo la mara kwa mara tunaweza kulibeba. Kiwango cha anayeishi ndani kisirushwe kwa mara moja hadi 120,000, kwa sababu nazijua nyumba zitakazomrudisha binti kwao na kumleta mtoto wa ndugu kutoka kijijini, na mtoto wa ndugu hana kima chochote. Pia wapo wastaafu wajane ambao pensheni yao yenyewe haitoshi dawa, na hao sijui kuwaambia nini.

Zaidi ya kiwango nataka karatasi. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, mwajiri asiye na maandishi hayo ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana. Wengi wetu hatulijui hilo, na dada zetu ndio kabisa.

Niliye naye sasa nimekuwa nikimlipa 80,000, na Jumapili ni siku yake. Mkataba wa maandishi sijamwandikia, miaka miwili sasa. Jana usiku, baada ya kuandika habari hizi, nilimwita mezani nikamwomba anitajie majina yake matatu, naye akaniuliza kama amekosea jambo gani.