Barua kwa mwanangu: Mzee wa mapokezi

Tukuyu, Jumapili

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikingoja mama yako aende kanisani nisome bila kukatizwa. Unasema mzee wa mapokezi, anayepokea matunda ya wakulima hapo kituoni kwenu Njombe, ameingiza tena kreti za parachichi changa. Ulipomgusia, akakujibu mbele ya vijana wa kufungasha kwamba yeye alikuwa kazini wewe ukiwa bado unanyonya, nao wakacheka. Sasa unauliza, wewe bosi wake, utamsemaje mtu wa rika langu bila kumvunjia heshima, na wakati huohuo usionekane kibogoyo.

Nianze na aibu yangu, maana jibu nililipatia huko.

Wakati ule wewe hujazaliwa, mimi ni msimamizi wa zamu ya usiku kiwanda cha chai. Unajua chai inavyokwenda: majani yakishasagwa yanatandazwa yapate hewa, yanaacha ukijani taratibu mpaka yafike rangi ya shaba, ndipo yanapelekwa kwenye kikaushio. Ukiyawahisha, chai inakuwa na ukali wa majani mabichi. Ukiyachelewesha, inakuwa butu, unakunywa kama maji ya rangi. Usiku mmoja wa Julai, baridi ile ya kushika masikio, nikamkuta fundi wa sehemu hiyo ameegemea ukuta, mikono kwapani, na muda wa majani umeshapita kwa saa yangu. Nikamfokea palepale. Mashine zinanguruma, kwa hiyo ilibidi nipaze sauti, hata akina mama wa kuchambua chai upande wa pili wakageuka. Nilimwita mzembe, mtu aliyenizidi miaka kumi na miwili. Hakujibu. Alivua kofia yake ya sufu, akaitazama, akaivaa tena. Mimi nikajiona nimeweka nidhamu.

Baridi ikizidi, majani hubadilika polepole. Hilo nililijua darasani, yeye alilijua kwa macho. Alikuwa anangoja rangi wakati mimi natazama saa. Chai niliyolazimisha iende kikaushioni usiku ule ndiyo iliyotoka mbovu.

Na gharama haikuishia hapo. Baada ya wiki kadhaa mkanda wa mashine ulianza kutoa harufu ya mpira unaoungua. Yeye alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Alinyamaza mpaka ukakatika, na majani ya wakulima yakalala sakafuni hadi asubuhi, yakaharibika. Nikamuuliza mbona hukusema? Akanijibu kwa upole kabisa: “Bosi, mimi niliwekwa hapa kuangalia rangi ya majani.” Mwanangu, jibu lile nalikumbuka kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia huyo mzee wako chochote, muulize. Mimi sipo hapo, ila nafahamu mambo mawili ya huko. Mkulima huchuma tunda changa kwa kuogopa wezi, au kwa sababu ada ya shule imefika. Na mzee wa mapokezi anaishi kijiji kimoja na wakulima hao. Kreti anayoirudisha saa kumi jioni inamfuata mpaka msibani na kilabuni. Pengine si uzembe. Pengine anahitaji wewe ndiye uwe mtu wa kusema hapana, yeye aseme “bosi amekataa”. Na pengine ni uzembe kweli, au anapewa chochote. Utajua akishaongea, si kabla.

Mwite asubuhi, kabla zamu haijaanza na kabla ya malori. Mwamkie kwanza, shikamoo kamili, usiimeze kwa sababu wewe ni bosi. Usikae nyuma ya meza. Chukua matunda mawili ya shehena ileile, moja lililokomaa na moja changa lililokwisha sinyaa likawa kama mpira, yakate mbele yake. Kisha sema ulichokiona na siku uliyokiona, basi: “Mzee, kreti za Alhamisi zilikuwa na matunda kama hili. Ilikuwaje?” Halafu nyamaza. Hapo ndipo vijana wengi mnapokosea. Mtu akichelewa kujibu mnajaza ukimya kwa maneno yenu, mara “najua umechoka”, mara “si wewe peke yako”, mwishowe mmejibu swali lenu wenyewe. Mwache akune kichwa.

Lile la kunyonya nalo usilimeze, lakini usilichanganye na parachichi. Mkimaliza la kwanza, mwambie kwa sentensi moja kwamba akiwa na neno na wewe mlango uko wazi, ila mbele ya vijana hapana. Usimkumbushe cheo chako, anakijua. Ndicho kinachomuuma.

Najua utashawishika kumtuma mtu. Kwetu jambo zito lina mshenga, na kwa posa na ugomvi wa ukoo mimi naunga mkono. Kazini usithubutu. Neno likipita kwa karani, likapita kwa dereva, linafika likiwa na pilipili usiyoitia wewe. Na lile grupu lenu la WhatsApp liache liwe la ratiba na misiba. Kumkaripia mtu mzima humo ni kumvua nguo sokoni, tena picha inabaki.

Mkikubaliana, andika kwenye daftari tarehe na mlichokubaliana, umsomee. Si kumtega. Akirudia na ikafika kwenye nidhamu rasmi, usikurupuke hata kama una haki: kanuni za kazi za mwaka 2007 zinataka aelezwe tuhuma zake na apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na aje na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko hawaulizi tu alikosa nini, wanauliza pia ulimwondoaje. Lakini sidhani mtafika huko.

Yule fundi wangu nilimwomba radhi ofisini, tukiwa wawili, mlango umefungwa. Akasema “haya”, akaondoka, na hakubadilika. Ilinichukua muda kuelewa kwamba tusi nililitoa mbele ya akina mama wa kuchambua, na radhi nimeificha chumbani. Nikarudia palepale kwenye majani, mashine zikinguruma, nikapaza sauti kama siku ile. Usiku uleule aliniita nikaguse majani. “Bado,” akasema, “ngoja kidogo.” Tukangoja wote wawili.

Mama yako amerudi, anauliza kama blanketi lilifika. Ukishaongea na mzee huyo nipigie, usiandike, nataka kusikia sauti yako ikoje.

Baba yako