Raha ya Kuandika Barua kwa Mkono

Wengi hudhani kwamba raha ya barua ni ya yule anayeipokea. Kwa uzoefu wangu, humfikia mwandishi kwanza, kwa sababu kwa muda wa karatasi mbili hivi anakuwa na mtu mmoja tu mawazoni, bila jibu kumrudia kabla hajamaliza sentensi yake. Mimi huwaandikia watu wachache: shangazi yangu mzee aliyeko Arua, rafiki niliyesoma naye ambaye sasa anaishi Mbale, na mpwa wangu aliye katika shule ya bweni karibu na Masaka. Ushauri ninaoutoa hapa umetokana nao.

Kwanza, chagua habari zinazostahimili safari. Hapa Uganda barua kwa kawaida haiji mlangoni. Huingia katika sanduku la posta na kumsubiri mwenye ufunguo apate nafasi ya kupita, na kwa hiyo habari za msiba, ugonjwa au karo zipigiwe simu. Barua hufaa zaidi kubeba mambo ambayo mtu haoni sababu ya kuyapigia simu: jinsi mwembe wa nyumbani ulivyozaa mwaka huu, mzaha wa dereva wa teksi njiani kutoka Bombo, au kumbukumbu ya marehemu babu iliyokujia ghafla ulipokuwa ukimenya matoke. Mambo hayo yakisomwa majuma matatu baadaye huwa hayajachacha.

Usizionee haya salamu ndefu. Waliotutangulia walianza kwa kusema kwamba wao ni wazima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yao, na vijana huyacheka maneno hayo. Lakini shangazi yangu angeiona barua isiyo na salamu kuwa ni hati ya madai. Kwake hujaza nusu ukurasa nikiwaulizia watu wa nyumba yake mmoja mmoja, naye katika majibu anayomwandikisha mjukuu wake hunijibia kuhusu kila mmoja kwa mpangilio ule ule. Wazee husema waraka ni nusu ya kuonana, na kwetu kuonana huanza kwa kujuliana hali. Kwa rafiki yangu wa Mbale mistari miwili inatosha, kisha tunaingia katika ubishi wetu wa siku zote kuhusu mpira.

Wanafunzi wa bweni, kwa maoni yangu, ndio wapokeaji bora kuliko wote. Shule nyingi haziwaruhusu kuwa na simu, na kati ya siku moja ya kutembelewa na nyingine mtoto hukaa majuma mengi bila habari za nyumbani. Wazazi hukumbuka karatasi wakati wa mitihani ya kitaifa, wanapotuma kadi za kuwatakia watahiniwa heri, ambazo maneno yake yamekwisha kuchapishwa na kazi iliyobaki ni kutia sahihi. Mimi ningechagua barua ya katikati ya muhula, isiyotaja alama wala nafasi darasani, inayoeleza paka amezaa wangapi na nani amelala kwenye kitanda chake. Katika baadhi ya shule barua hufunguliwa kabla ya kumfikia mtoto, kwa hiyo andika yale ambayo hutaona aibu yakisomwa na matroni.

Kuhusu vifaa sina mengi. Karatasi ya daftari na kalamu ya kawaida zinatosha, na karatasi zenye maua naziona gharama ya bure. Stempu za kwanza za Uganda, ambazo mmisionari Ernest Millar alizipiga kwa taipureta huko Mengo mwaka 1895, zilikuwa vipande vya karatasi nyembamba visivyo na picha, thamani yake ikihesabiwa kwa kauri, yaani makombe ya baharini yaliyotumika kama pesa, na barua zilikwenda. Posta hutoza kwa uzito. Karatasi moja ya A4 ina gramu 5 hivi; andika pande zote mbili, na bahasha ikiwa nene ipimwe kaunta kabla hujabandika stempu.

Anwani ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Namba ya sanduku bila jina la mji haifai kitu, kwa kuwa kila ofisi ya posta ina masanduku yake na namba zake. Nyuma ya bahasha andika sanduku lako, ili barua isiyompata mwenyewe ipate njia ya kurudi, na ndani usitie pesa kamwe. Mtu asiye na sanduku hutumia la shule, la mwajiri au la msikiti. Hapo jina lake litangulie, kisha jina la wenye sanduku. Barua za shangazi hupitia sanduku la msikiti, nami baada ya kuituma humpigia simu katibu, wala si shangazi mwenyewe, nikamwomba aangalie. Wapo walionishauri nimkabidhi kondakta wa basi la Arua bahasha hiyo, ifike kesho yake. Nilipomdokezea shangazi wazo hilo, alisema kwamba kitu kisicho na stempu ni kifurushi.